SOMO: Wazazi wanakuja kukaa shambani, uandae nini (Kasulu na jirani zake)

Naandika mara moja ili nikiulizwa tena nijibu "kasome". Kila likizo ya Juni na Desemba ikikaribia maswali ni yale yale: mama anatoka Dar, baba anatoka Tanga, watakaa wiki mbili tatu, nyumba iko kijijini, walale wapi, wale nini. Mimi ni mtu wa Muheza niliyeolewa Kasulu, na wazee wangu huja.

1. Safari. Basi linachosha. Mzee mwenye mgongo mbovu mkatie treni, behewa la kulala, mpaka Kigoma mjini. Kutoka hapo hadi Kasulu ni lami.

2. Dawa. Za presha na sukari waje nazo za siku zote, na ziada.

3. Chandarua. Hakuna mjadala, mkoa huu una malaria.

4. Choo. Magoti ya wazee hayachuchumai. Peleka kiti imara cha mbao kwa fundi, akitoboe katikati, ukiweke juu ya tundu. Njia ya chooni iwe safi na tochi ikae karibu na kitanda.

5. Bustani. Hesabu kuanzia siku ya kufika ukirudi nyuma. Nyanya, tangu kusia kitaluni hadi kuchuma, zipe miezi mitatu na nusu au minne. Bamia miezi miwili. Chainizi wiki tano au sita, matembele mwezi na nusu, mchicha wiki tatu au nne. Mchicha sia kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili; ukisia wote siku moja, utakomaa wote siku moja na wageni watakuta maua. Anayekuja Juni anakuta kiangazi, na mvua hazirudi mpaka Oktoba mwishoni au Novemba. Kwa hiyo tandaza nyasi kavu kwenye matuta na umwagilie jioni.

6. Muhogo. Hapa soma taratibu.

Sisi wa pwani tumekua tunang'oa muhogo, tunamenya, tunatafuna mbichi njia nzima. Tunachemsha asubuhi, tunakunywa na chai. Huku Kigoma mashamba mengi yana muhogo mchungu, ule wa unga, ambao una sumu ya sianidi. Hauliwi mbichi wala wa kuchemsha. Unamenywa, unalowekwa siku tatu nne mpaka ulainike, unaanikwa, ndipo unasagwa. Wenyeji wanajua, hawana haja ya kuambizana. Mama yako hajui, na anaamka saa kumi na moja kabla yako. Mimi nilitoka kisimani nikakuta wa kwangu ameshang'oa shina, amemenya, ameinjika sufuria na kukuna nazi aliyokuja nayo. Tukaumwaga wote, na nazi yake. Alininunia mpaka jioni.

Kwa hiyo:
- Muhogo mtamu upande karibu na jiko, mchungu mbali. Kama tayari umechanganyika, funga kitambaa kwenye kila shina la mtamu.
- Siku ya kwanza, kabla hata ya kupumzika, watembeze shambani uwaonyeshe. Usiseme "nitawaambia kesho".
- Usitegemee rangi ya kikonyo cha jani, inadanganya. Na ukame huongeza sumu, hata muhogo unaouita mtamu unaweza kuwa mchungu kiangazi. Kipande chenye uchungu kikitua ulimini, tema, usipike.
- Mtu akila akapata kizunguzungu, kichwa na kutapika, ni kituo cha afya saa hiyo hiyo. Maziwa si dawa.
- Kisamvu kitwangwe vizuri, kichemke muda mrefu sufuria ikiwa wazi, ndipo utie mawese na karanga.

7. Dawa za kupulizia. Lebo inaeleza usubiri siku ngapi kabla ya kuchuma. Mama hasomi lebo, anachuma. Panga kupuliza kuishe na siku hizo zipite kabla hawajafika, halafu acha mpaka waondoke. Wadudu watakula kidogo, wacha wale. Na usihifadhi dawa kwenye chupa ya soda.

8. Kazi. Usimwambie mzazi "pumzika tu". Mama mpe tuta lake na mbegu za mchicha, atauona ukiota kabla hajaondoka. Baba mpe panga na mipini ya majembe. Wa kwangu ananyoosha uzio ambao haukupinda, namwacha.

MASWALI

Mdau wa Kibondo: Dada, mchicha nisie lini kama wanakuja tarehe 10 Juni?
Jibu: Namba 5.

Mdau wa Kibondo: Nimeona wiki tatu au nne, ila tarehe hasa?
Jibu: Kalenda unayo kaka. Rudi nyuma wiki nne.

Mdau wa Uvinza: Mnatishana. Sisi tunachemsha muhogo wote na hatujafa.
Jibu: Basi wa kwenu ni mtamu, au unajua uliko mtamu bila kufikiri kwa kuwa umezaliwa hapo. Somo limeandikwa kwa ajili ya mgeni. Kama una uhakika, ng'oa wa shamba la jirani yako bila kumuuliza ni upi, umpikie mama yako. Hutafanya.

Mdau wa Urambo: Shikamoo dada. Mimi niko Tabora, mama anakuja Septemba, kisima kinakuwa karibu kukauka. Bustani nzima siwezi. Niache tu?
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usiache, punguza. Chukua magunia matatu, jaza udongo na samadi iliyooza, katikati simamisha safu ya kokoto ili maji yashuke mpaka chini. Toboa ubavuni, pandikiza chainizi na mchicha matunduni, juu weka vitunguu. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanatosha sehemu kubwa, ya sabuni nyingi usimwage. Yaweke kivulini mchana, jua la Septemba huko ni kali. Na ukiweza mwambie mama asogeze safari mpaka Novemba, akute maembe ya Tabora. Hapo hata bustani hataiulizia.

Mdau wa Urambo: Ahsante sana. Na karanga mbichi akitaka kubeba?
Jibu: Zianike kwanza zikauke kweli, ukitikisa ganda zilie ndani. Zikifungwa na unyevu zinaota ukungu, na ukungu wa karanga una sumu.

Mdau wa Dar: Wazee wangu hawawezi mawese, tumbo linawasumbua. Nifanyeje?
Jibu: Usianze nayo. Wape migebuka ya kuchoma siku mbili tatu, mawese uingize kijiko kimoja kwenye maharage. Asiyetaka asilazimishwe, alizeti ipo.

Mdau wa Kibondo: Na wakwe?
Jibu: Hiyo ni mada nyingine, na mume wangu anasoma hapa.

Mdau wa Uvinza: Tuache ubishi. Mama alirudi na dumu la mawese, likamwagikia begi zima kwenye basi. Mnafungaje?
Jibu: Swali zuri. Usijaze mpaka shingoni, acha vidole vitatu, mawese yakipata joto yanapanda. Weka nailoni mdomoni kabla ya kifuniko, kaza, dumu liingie ndani ya ndoo yenye kifuniko. Lisimame miguuni kwake, lisiende buti. Na kanga nyeupe isipakiwe karibu, rangi ile haitoki.