Kuunda katana moja kwa vipande vya katana mbili tatu

Katana (panga za Kijapani) za kopi zinazouzwa mtandaoni, nyingi zikitengenezwa Longquan nchini Uchina, humtia mtu tamaa ya kuchanganya: mpini wa hii, kinga ya mkono ya ile, ala ya nyingine. Inawezekana, na matokeo yakikaa sawa hupendeza kweli. Ila kabla hujatoa hela, jua kwamba vipande hivi havina saizi moja kama boliti na nati. Tundu la kijiti kinachoushika mpini hutobolewa mpini ukiwa tayari umekaa kwenye kengee yake (chuma chenye makali), kwa hiyo hata katana mbili za modeli moja huweza kupishana milimita nzima. Kazi yote iko kwenye hizo sehemu za milimita.

Kwanza fungua upanga uone mkia wake, kile chuma kinachoingia ndani ya mpini. Zungushia makali tepu ya karatasi, kisha gonga kijiti cha mianzi (mekugi) kutoka upande wake mwembamba. Shika mpini kwa mkono wa kushoto, ncha ikitazama juu na kulala kidogo, halafu piga kifundo cha mkono huohuo kwa ngumi ya kulia. Mapigo mawili matatu na kengee inachomoka. Ukikuta mkia mpana unaopungua taratibu, endelea. Ukikuta fimbo nyembamba iliyochomelewa na kufungwa kwa nati, huo ni upanga wa kutundika ukutani. Ubadilishe sura upendavyo, lakini usiupunge hewani hata mara moja, maana fimbo ile hukatikia kwenye weldi. Na ikiwa upanga ni wa kale halisi kutoka Japani, funga urudishe mahali pake. Kutu ya mkia na maandishi yake ndiyo ushahidi wa umri wake, na tupa ikishapita hapo hakuna kurudi.

Sasa pima kwa vernia (kifaa cha kupimia unene). Kuanzia kwenye kengee kwenda nyuma, mpangilio ni huu: habaki (kola ya shaba), washa ya seppa, tsuba yaani kinga ya mkono, seppa ya pili, kisha pete ya fuchi iliyo mdomoni mwa mpini. Tsuba nyingi zina unene wa milimita 4 hadi 6, seppa milimita 1 hadi 1.5. Andika jumla ya unene wa seppa mbili na tsuba ya zamani. Hiyo namba ndiyo unayoilinda. Tsuba mpya ikiwa nyembamba, unaongeza seppa na shida imekwisha. Ikiwa nene, mpini unasukumwa nyuma na tundu lake linapishana na tundu la mkia. Unaweza kuokoa milimita moja kwa kuweka seppa nyembamba pande zote mbili, ila zaidi ya hapo utaingia kwenye kuziba na kutoboa upya. Ndiyo maana, ukiwa na hiari, nunua tsuba nyembamba kidogo kuliko ya zamani. Nenda dukani na sumaku pia. Tsuba isiyonata huenda ni aloi ya zinki, ambayo hupasuka ikigongwa. Chuma au shaba ngumu hudumu.

Tundu la katikati la tsuba likibana, chonga tsuba kwa tupa ndogo bapa, kidogo kidogo, ukijaribu kila baada ya mikwaruzo kumi. Usiuguse mkia. Likiwa pana, weka vipande vya shaba nyekundu juu na chini ya tundu, uvigonge mpaka vishike, kisha uvichonge kufuata umbo la mkia. Wajapani huviita sekigane, na shaba huchaguliwa kwa sababu ni laini: inakubali umbo la chuma bila kukikwaruza. Gundi hapa haifai. Mtikiso huiachanisha na chuma, na tsuba huanza kulia.

Mpini wa upanga mwingine ndio mtihani mkubwa. Ndani yake mna mbao mbili zilizochongwa kwa mkia mmoja mahususi, nje ngozi ya samaki taa, juu yake uzi uliosukwa. Paka mkia masizi ya mshumaa, uingize, uutoe, kisha chungulia ndani kwa tochi. Mahali penye weusi ndipo panapogusa. Panapobana, kwangua kwa patasi nyembamba; palipo wazi, bandika vinia (kipande chembamba sana cha mbao) kwa gundi ya mbao. Wapo wanaomimina gundi ya epoksi. Usifanye hivyo: upanga hautafunguka tena kusafishwa, na siku epoksi itakapopasuka hutaiona. Kofia ya nyuma, kashira, imefungwa na uzi wenyewe, kwa hiyo kuibadilisha ni kusuka upya, kazi ya mita 4 hadi 5 za uzi na subira ya siku nzima.

Matundu ya kijiti yakikataa kabisa kulingana, ziba la mpini kwa kijiti cha mbao ngumu na gundi, subiri saa 24, toboa jipya. La mkia liache lilivyo.

Tazama sasa jambo linaloamua kama upanga utatulia. Kaza vipande vyote bila kijiti, kisha chungulia kwenye tundu la mpini. Unataka kuona ukingo wa chuma kama mwezi mwandamo, unene wa robo milimita tu, upande wa kashira. Kijiti kikiingia kitauvuta mpini mbele na kubana kila kitu. Mwezi ukiwa upande wa tsuba, mpini utacheza, ongeza seppa. Ukiwa mnene, kijiti kitapasuka, punguza seppa.

Kijiti chonga cha mianzi mikavu iliyokomaa, kikipungua kidogo kuelekea ncha. Kisukume kwa kidole hadi zibaki milimita 5 hivi, kisha malizia kwa nyundo ndogo na ukate vichwa visitokeze nje. Msumari wa chuma usiutumie badala yake. Mianzi hunyumbuka na nyuzi zake hushikana hata ikivunjika, wakati chuma kinakula mbao hadi tundu linakuwa yai.

Ala ya upanga mwingine mara nyingi haikubali, kwa sababu mkunjo wa kengee hutofautiana. Ikiingia bila kukwaruza lakini mdomo umelegea, bandika vinia ndani ya mdomo pale habaki inapogusa. Ikikwaruza, iache.

Mwishowe shika upanga ukilala, piga mpini kwa ngumi na usikilize. Mlio mfu ndio mzuri. Ukisikia kengele, kuna kipande kinacheza, mara nyingi seppa. Punga mara 50 mahali pasipo mtu mbele yako wala pembeni, kisha toa kijiti ukikague. Kikiwa na alama ya kubonyea upande mmoja, chonga kipya kinene zaidi, kwa kuwa mbao za mpini bado zinajitafutia mahali pake.