Kupima ukomavu wa utengenezaji programu kwenye timu ndogo

Timu ya watu 5 pale Njiro, Arusha, inayotengeneza mifumo ya kampuni za utalii na SACCOS, isianze kwa kutafuta cheti. Kwanza ijue kazi inakwama wapi.

Modeli ya CMMI, yaani mfumo wa kupima ukomavu huo, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ina ngazi 5. Ngazi ya 1 kazi hutegemea juhudi za mtu. Ya 2 kila mradi hupangwa na kufuatiliwa. Ya 3 kampuni nzima ina utaratibu mmoja. Ya 4 huongozwa kwa takwimu. Ya 5 huboresha mfululizo. Kurukia ya 4 ni kujidanganya, maana kama kila mmoja ana tafsiri yake ya "imekamilika", namba hazijumlishiki. Kubalianeni: imekamilika ni pale mtumiaji anapoitumia.

Sasa fungueni Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, na daftari la maombi ya watumiaji. Chukueni mabadiliko 20 ya mwisho yaliyowafikia watumiaji, bila kuchagua mazuri. Kila moja liandikieni tarehe 4, mfano bei ya watoto kwenye mfumo wa safari: kuombwa 3 Machi, kuanza 10, kuingia tawi kuu (nakala rasmi ya msimbo) 12, kumfikia mtumiaji 26. Siku 23, na kazi yenyewe siku 2 tu! Pangeni jumla za siku za mabadiliko yote 20 kuanzia ndogo. Wastani wa ya 10 na ya 11 ndio kipimo chenu, kwa sababu ombi moja lililokaa miezi halitakipotosha. Hesabuni pia mangapi yalileta hitilafu: 3 kati ya 20 ni asilimia 15.

Zile siku 14 za mwisho, kutoka tawi kuu hadi kwa mtumiaji, mara nyingi zinatokana na mtu mmoja kushika nywila ya seva. Aandike hatua za kupandisha toleo na za kulirudisha nyuma, kisha mwenzake azifuate kwenye seva ya majaribio, yeye akae kimya. Kila swali la mwenzake ni hatua iliyosahaulika. Badilisheni hilo pekee kwa wiki 6, mpime tena.

Kwenye jedwali la vipimo hivi, safu ya majina ya wafanyakazi isiwepo kabisa. Namba zikigusa mshahara, ombi moja litagawanywa matano na hitilafu ndogo hazitaandikwa. Wala msilinganishe Aprili, wakati wa masika wageni wakiwa wachache, na Julai msimu umepamba moto: maombi yenyewe si ya aina moja.