Rampu ya darasa: ipime kabla ya kumlipa fundi

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma Tanzania yafikike na kila mtu, kwa hiyo madarasa mengi mapya yana rampu, yaani njia ya mteremko badala ya ngazi. Lakini rampu ikiachwa hadi mwisho wa kazi hujengwa kwa saruji iliyobaki, kwenye nafasi iliyobaki, na mwenye kiti mwendo huishia kubebwa kama zamani. Kamati ya ujenzi iiweke kwenye makadirio tangu siku ya msingi.

Anza na kimo cha kibaraza. Kila sentimita 1 ya kimo inadai sentimita 12 za urefu. Kibaraza cha ngazi tatu za sm 15 kina sm 45, basi rampu iwe na sm 540. Fundi atasema mita mbili zinatosha. Zinamtosha yeye na toroli lake. Uwanja ukiwa mfupi, ikunje, na kwenye kona acha jukwaa tambarare la sm 150 kwa 150. Jukwaa kama hilo liwepo pia chini na mbele ya mlango, la sivyo mtu atavuta mlango huku kiti kinarudi nyuma. Baiskeli ya miguu mitatu ni ndefu zaidi, hivyo ukipata nafasi ongeza.

Upana uwe sm 120. Kifusi kishindiliwe kila tabaka la sm 15, kwa maji. Hapa ndipo wengi huharibu: kifusi kikitupwa chote kwa mkupuo, mvua za kwanza zinakididimiza, zege linapasuka pale linapokutana na kibaraza, na panabaki kizingiti. Kizingiti cha sm 2 tu kinatosha kuyakwamisha magurudumu madogo ya mbele na kumwangusha mtu kifudifudi.

Zege la sm 10, kwa ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto, litakula mifuko kama 5 ya kilo 50 kwa rampu ya vipimo hivi, mbali na kuta za pembeni. Usiruhusu lisuguliwe mpaka ling'ae. Likianza kukaza, lipigwe mistari kwa fagio gumu kukatiza njia, kisha limwagiliwe siku 7. Kingo ziinuke sm 10 ili gurudumu lisichomoke. Vyuma vya kushikia viwe pande zote mbili, kimo cha sm 85 hadi 95. Kwa shule ya msingi ongeza cha pili chini yake, maana mtoto wa darasa la kwanza hakifikii cha juu.

Siku ya kupokea kazi, chukua ubao ulionyooka wa sm 120 na kifaa cha pima maji. Laza ubao kufuata mteremko, weka pima maji juu yake, inua ncha ya chini mpaka tone la hewa litulie katikati, pima pengo lililo chini ya ncha hiyo. Likizidi sm 10, rampu ni kali. Rudia sehemu tatu, kwani mafundi hupenda kuilaza chini na kuisimamisha juu. Ikifeli, malipo yasimame na mhandisi wa halmashauri aitwe. Afisa ustawi wa jamii naye apewe nakala ya vipimo, kwa maandishi.