Somo la Kihispania: «De» + kitenzi-jina (infinitivo) badala ya «si», yaani «ikiwa» (someni kabla ya kuuliza)

Swali la jinsi ya kuunda «de haberlo sabido» («ningalijua») limekuwa wimbo humu, na nimechoka kulijibu kwenye kila uzi. Naliandika mara moja, atakayerudia nitamleta hapa.

Huu ni mtindo wa magazeti, mikataba na barua rasmi. Ukiwa sokoni Madrid tumia «si» tu.

1. Toa «si», weka «de».

2. Jambo bado linawezekana? Kitenzi kikae kama kilivyo kwenye kamusi: *De ser cierto, el ministro dimitirá.* Ikiwa ni kweli, waziri atajiuzulu.

3. Limeshapita na halikutokea? *Haber* + umbo la -ado/-ido: *De haberlo sabido, no habría venido.* Ningalijua, nisingalikuja.

4. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kitenzi-jina hakina nafsi, kwa hiyo kama mtenda haeleweki lazima umtaje, na anakaa NYUMA ya kitenzi: *De haber llegado Ana a tiempo, habríamos cogido el tren.* Ana angalifika kwa wakati, tungalipanda treni. Usiandike «De Ana haber llegado». «No» inaingia katikati: *De no haber llovido...* (mvua isingalinyesha...). Viambata *me, lo, se* vinang'ang'ania *haber*, haviendi kwa *dicho* (umbo la *decir*, «kusema», lisilofuata -ado/-ido): *De habérmelo dicho...* (ungaliniambia...). Na hiyo alama juu ya é si pambo, ukiiacha umekosea tahajia.

5. Upande wa pili unabaki sentensi kamili; kwa hatua ya 3 ni *habría* au *hubiera*, vyote sawa. «De haberlo sabido, no vine» hapana.

ONYO: mazoea ya zamani yaachieni «si». *Si llovía, no salíamos* (mvua ikinyesha, hatukuwa tukitoka) msiiguse.

MASWALI

Kijana_wa_Pwani: Kwa hiyo ni «Si de haberlo sabido»?
— Hatua ya 1.

Mama Zuu: Mwalimu, nimefuata kila kitu, nimeandika «Al haberlo sabido, no habría venido», nimekatwa maksi. Somo lako lina kasoro.
— Nionyeshe nilipoandika «al». *Al llegar* ni «alipofika», *al no tener dinero* ni «kwa kuwa hana pesa». Hakuna sharti hapo. Soma upya, mama, kisha tuongee kasoro.

Bahati77: Samahani mwalimu, rafiki yangu Mkuba husema «de yo saberlo» (mimi ningejua). Anakosea?
— Hakosei, na umesikiliza vizuri. Kuba, Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika mtenda hutangulia kitenzi-jina kwenye mazungumzo, utasikia hata *antes de yo llegar* (kabla sijafika). Akiongea muache aongee. Wewe kwenye mtihani wa DELE (wa cheti cha Kihispania) mrudishe nyuma: *de saberlo yo*.

Bahati77: Shukrani. Halafu naona inanikwepesha na *hubiera sabido*!
— Ndiyo raha yake. Sisi -ngali- yetu inakaa pande zote mbili, ndiyo maana Waswahili tunaandika «si habría sabido» badala ya «si hubiera sabido» bila hata kushtuka. Ukianza na «de», mtego huo haupo. Ila *hubiera* jifunze hivyo hivyo, maana ukianza na «si» utaihitaji.

Kijana_wa_Pwani: Hiyo é naipataje kwenye simu?
— Shikilia e, zitajitokeza, chagua.

Kijana_wa_Pwani: Na ñ?
— Shikilia n, kijana.