Somo: Kasoro za kisheria katika kesi ya kumwondoa mpangaji

Mpangaji wa Ngarenaro au Sakina anayepokea wito wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ya Arusha aisome kwanza kesi yenyewe, kabla ya kufungasha vyombo.

Hatua ya kwanza: pima notisi. Kwa upangaji wa mwezi hadi mwezi, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka notisi isiyopungua kipindi hicho, nayo iishie siku ya kulipa kodi. Anayelipa kila tarehe 5, akiandikiwa tarehe 20 ahame mwisho wa mwezi huohuo, amepewa notisi pungufu.

Hatua ya pili: mtazame mdai. Nyumba nyingi ni za familia, na baba akishafariki mtoto mkubwa hukusanya kodi, kisha hufungua kesi kwa jina lake. Kukusanya kodi hakumpi mamlaka ya kudai mali ya marehemu. Anahitaji barua ya usimamizi wa mirathi iliyotolewa na mahakama, kwani muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi. Hoja hii iwekwe mapema, kama pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria inayotolewa kabla kesi haijaanza kusikilizwa.

Hatua ya tatu: ulizia usuluhishi. Tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata husuluhisha tu, na Baraza la Wilaya halipaswi kusikiliza shauri bila hati ya kata kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa siku 30 zimepita bila suluhu.

Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi kama ushahidi, lakini mwenye nyumba akilipa ushuru na faini kasoro hiyo huisha. Usiitegemee peke yake.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mkataba nilisaini na huyo mtoto mwenyewe. Je, naweza kumpinga?

Jibu: Ndugu yangu, hapo umebanwa. Sheria ya Ushahidi humzuia mpangaji, maadamu upangaji unaendelea, kukana umiliki wa aliyempangisha. Rudi kwenye notisi.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi nimeshashindwa, nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Omba nakala ya mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi, uangalie kama maoni ya wazee wa baraza, wale wanaokaa na mwenyekiti kusikiliza kesi, yalisomwa mbele yenu kabla ya hukumu. Mahakama ya Rufani imeshafuta mienendo kwa kasoro hiyo. Ila kodi unayodaiwa haifutiki, kwa hiyo endelea kuilipa na utunze kila risiti.