Somo: Kuhifadhi kalipa na diski za breki zilizotumika zisiliwe na kutu

Kwa hewa ya chumvi ya Dar, Tanga au Mombasa, diski iliyoachwa wazi huota kutu usiku mmoja tu. Hiyo ya nje inatisha bure. Inayoua kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ni ya ndani, kwenye silinda pistoni inapokaa. Na kumbuka: chuma kinataka oili, raba za breki haziitaki kabisa.

1. Mwaga mafuta ya breki yote. DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani, na maji hayo ndiyo yanayochimba silinda.

2. Osha kwa spiriti au dawa ya kusafishia breki. Petroli na dizeli marufuku: raba huvimba, breki zikaja kushika zisiachie. Vumbi lilowanishe, usilipulize kwa kompresa. Pedi za zamani huweza kuwa na asbesto.

3. Inua raba ya vumbi, pitisha ukucha kwenye pistoni. Ukinasa kwenye vishimo pale sili (raba inayozuia mafuta yasivuje) inapogusa, pistoni hiyo tupa, msasa hauiponyi. Ikiwa laini, paka grisi nyekundu ya raba kidogo, kisha isukume hadi mwisho ukitanguliza kipande cha ubao.

4. Ziba tundu la paipu kwa bolti yake, kaza nipeli (skrubu ya kutolea hewa), andika L (kushoto) au R (kulia). Kalipa zikibadilishana pande, nipeli hukaa chini na hewa haitoki. Funga ndani ya mfuko mzito wa plastiki pamoja na silika jeli, vile vijifuko vya kunyonya unyevu.

5. Diski: oili mpya ya injini, nyembamba, pande zote, kisha karatasi iliyolowa oili. Laza juu ya ubao, si kwenye saruji. Pedi ziwe mbali.

MASWALI

Oili chafu haifai kwa diski?
Haifai. Ina asidi na maji ya injini. Inaleta kutu yenyewe.

Pistoni ya nyuma haisukumiki.
Kama handibreki iko ndani ya kalipa, nyingi huzungushwa, hazisukumwi. Ukilazimisha utavunja skrubu ya ndani.

Diski tayari ina kutu, niitupe?
Pima unene kwanza. Kipimo cha mwisho kimegongwa ukingoni, MIN TH, yaani unene wa chini kabisa. Ikiwa juu ya hapo na kutu ni ya usoni, msasa namba 80 unatosha. Siku ya kufunga osha oili yote. Pedi ikilowa oili, nunua nyingine.