Redio ya zamani ikipoteza SW (mawimbi mafupi), anza na swichi ya bendi

Redio ya marehemu baba, ile yenye mkoba wa ngozi, nimeitoa kabatini juzi hapa Kigamboni: FM inaongea safi, SW1 na SW2 kimya. Kabla hujaipeleka kwa fundi, chomoa waya wa umeme, toa betri, kisha sogeza swichi ya bendi, ile ya kuchagua FM au SW, toka mwanzo hadi mwisho, kwenda na kurudi, mara 30 au 40, taratibu. Ndani yake kuna vibati vinavyogusana, na hewa yetu ya bahari huvitia ukoko mweusi. Ukivisugua hivyo ukoko unatoka na mawimbi yanapita tena. Mimi nilipofika kama mara ya 20 nilihisi swichi imelainika kabisa chini ya kidole. Kitufe cha sauti kikikwaruza, kifanyie vivyo hivyo. Usitie mafuta ya kupikia wala ya cherehani, yananasa vumbi.

Ukiijaribu, tumia betri na kaa mbali na taa za LED na chaja za simu, maana hizo huvuma kama nyuki kwenye SW. Usiku tafuta bendi za SW za mita 49 na 41; mchana bendi hizo hufifia, nenda mita 19 au 16.

Haitasaidia kama kutu imeshakula vibati vyenyewe, au waya wa antena umekatika ndani kwenye shina lake. Hapo mpe fundi, na mwambie asibadilishe swichi kabla hajaangalia huo waya.